Nani Aliweka Ule Mto?

3 Februari

Kwa Babu Darubini,
Ukurasa wa Uliza Nikujibu,
Gazeti la Watoto

Shikamoo Babu.

Mimi ni msichana wa darasa la tano. Nyumbani naitwa Chokochoko. Jina hilo kanipa mama, anasema nikikaa kimya muda wa kuchemsha chai basi nina homa. Tunaishi wawili tu, mimi na yeye, ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho upande wa tangi la maji. Mama ni mwokaji katika kiwanda cha mikate. Anarudi na nywele nyeupe kwa unga, na mimi humwamkia, "Shikamoo bibi."

Sasa swali. Mwalimu wetu amesema hamira ni kitu hai. Siku ya likizo nilikwenda na mama kazini, nikaona donge limeumuka mpaka linataka kutoka kwenye karai. Kumbe wanapumua humo ndani! Halafu mama akalisukuma tanurini. Nikamuuliza, "Mama, umewaua wote?" Akasema, "Nimewaua, na wewe utawala. Nyamaza." Je, ni kweli mama yangu ni muuaji? Jibu haraka maana nimegoma kula mkate, na kwetu hakuna kitafunio kingine.

Swali la pili (najua mmesema moja, lakini hili ni dogo): daktari anajuaje kilicho ndani ya mtu bila kumpasua?

Mimi,
Chokochoko


17 Februari

Mjukuu wangu Chokochoko,

Marahaba. Kwanza kabisa, kula mkate.

Hamira ni viumbe wadogo mno, jamaa wa uyoga. Wanakula sukari iliyomo kwenye unga, wanatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoliumua donge. Tanurini wanakufa, hilo siwezi kukuficha. Lakini hawana ubongo wala mishipa ya kuhisi maumivu. Mwambie mama yako nimemwachia huru, ila asizoee.

Swali lako la pili si dogo, wewe mjanja. Zamani daktari alikuwa analaza sikio lake kifuani kwa mgonjwa. Basi miaka kama mia mbili iliyopita tabibu mmoja aliletewa msichana mwenye maradhi ya moyo, akaona haya kumlalia kifuani. Akachukua karatasi, akaikunja kama mrija, akaweka upande mmoja kwa mgonjwa na mwingine sikioni. Alishangaa mwenyewe: alisikia vizuri kuliko siku zote! Kile chombo ambacho madaktari wanakivaa shingoni kilianzia kwenye haya za mtu mmoja na karatasi yake.

Nimefundisha sayansi maisha yangu yote kabla ya kustaafu, na sijawahi kumruhusu mwanafunzi aamini jambo analoweza kulijaribu. Kunja karatasi ngumu. Sikiliza mioyo. Kisha niletee taarifa.

Babu yako,
Darubini


4 Machi

Shikamoo Babu.

Mkate nimekula. Nimelipa na siku zote nilizogoma, mama akasema sasa muuaji ni mimi.

Taarifa ya uchunguzi. Nilikunja jalada la kalenda ya mwaka jana maana karatasi ya daftari ililegea.

Mama: du-dup, du-dup, polepole. Nilishangaa, maana mama mwenyewe ana haraka kila siku.

Fundi baiskeli wa hapo chini: alicheka sana, kwa hiyo sikusikia moyo. Nilisikia kicheko tu. Kicheko kwa ndani ni kama gari linalokataa kuwaka.

Paka wa jirani: alinikwaruza.

Mimi: alinisikiliza rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja. Akasema moyo wangu hausemi du-dup. Unasema du-shhh, du-shhh, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Nikamwambia hajui kusikiliza. Akamwita mwenzetu mwingine, naye akasikia hivyohivyo. Sasa darasani wananiita Mpuliza Chai. Babu, kuna watoto wengine ambao moyo wao hupuliza?

Na sasa nakupa siri. Siku hizi nikipanda ngazi napumzika ghorofa ya kwanza, na ya pili napumzika tena. Mama akiuliza nasema nimefunga kiatu. Nikisema nimechoka atanibeba, na mgongo wake unamuuma kwa ajili ya magunia. Mwaka jana niliumwa koo, kisha magoti yakavimba, lakini yalipona yenyewe. Usimwambie.

Chokochoko


11 Machi

Mjukuu wangu,

Nimevunja siri yako. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine ambayo ni ya mama yako. Unaweza kunisusa mpaka utakapotaka mwenyewe. Mioyo mingine hupuliza bila ubaya wowote, na kwako inaweza kuwa hivyo. Lakini magoti, na koo, na ngazi, vyote pamoja, sivipendi. Mpe mama karatasi yake. Sasa hivi, kabla hujamaliza kunikasirikia.

Babu Darubini


11 Machi

Mama Chokochoko,

Hatujuani, na najua si adabu mgeni kuingilia nyumba ya mtu. Mimi si daktari. Lakini mtoto wako amenieleza mambo yanayonitia wasiwasi: moyo wake unatoa sauti ya kupuliza, anaishiwa pumzi akipanda ngazi, na mwaka jana alivimba magoti baada ya kuumwa koo. Maradhi ya koo yasipotibiwa vizuri yanaweza kurudi na kuujeruhi moyo. Nakuomba, dada, mpeleke hospitali asikilizwe na mtu wa mioyo. Asipokutwa na kitu, nitukane, nitafurahi kutukanwa.

Tafadhali usimgombeze. Alificha kwa kuuhurumia mgongo wako.

Ni mimi,
mwalimu mstaafu wa ukurasa wa watoto


2 Aprili

Kwa Mwalimu,

Salamu. Tulikwenda. Wamempima kwa mashine inayoonyesha moyo kwenye kioo, nami nikauona. Ndani kuna milango midogo, mmoja umekakamaa na haufungi, damu inarudi nyuma. Ndiyo hiyo sauti. Daktari alisema umeharibiwa na yale maradhi ya koo ambayo mimi nilimpa maji ya limao nikaona amepona.

Wanasema lazima afanyiwe upasuaji. Amelazwa wodi ya watoto, anasubiri zamu yake mwisho wa mwezi huu.

Sijui nikushukuru au nikulaumu. Kabla ya barua yako nilikuwa na mtoto mzima. Nakushukuru, naona ndiyo heshima. Yeye ana yake ya kukuambia, nimeitia humu.

Mama Chokochoko


Babu Msaliti,

Sikuamkii.

Haya, shikamoo. Nilitaka kukususa lakini nina maswali na huku hakuna wa kumuuliza, muuguzi wa zamu anajibu kila kitu kwa "Lala." Kitanda cha pembeni yuko msichana mdogo ambaye anadhani moyo una umbo la kopa. Nimemchorea ulivyo kweli, akalia.

Daktari amesema watausimamisha moyo wangu, watautengeneza, halafu watauwasha tena. Amesema kama vile anazungumzia baiskeli! Sasa Babu, damu itatembezwa na nani? Na wakiuwasha, unajuaje pa kuendelea?

Na hili ndilo swali lenyewe hasa, hayo mengine nimeweka mbele tu. Moyo ukiwa umesimama, mimi nitakuwa wapi?

Nimemuuliza mama akaenda kutafuta maji ya kunywa, na jagi lilikuwa limejaa.

Jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Chokochoko


6 Mei

Mjukuu wangu mpendwa,

Nisamehe. Nilipasuliwa mtoto wa jicho, nikakatazwa kusoma mpaka kidonda kipone, na barua zikarundikana. Hebu fikiria, Darubini aliyefungwa bendeji! Leo ndiyo siku ya kwanza kuruhusiwa, na yako ndiyo ya kwanza kuifungua. Pengine umeshatoka chumba cha upasuaji na unaisoma hii ukiwa umekaa. Nitajibu hivyohivyo, maana deni la swali halifutiki.

Damu itatembezwa na mashine. Inaipokea, inaitia hewa safi, inairudisha mwilini. Mpaka miaka sabini hivi iliyopita madaktari waliogopa kuufungua moyo, kwa sababu moyo haupumziki ukafanyiwa kazi, na ukipumzika mtu anakufa. Mashine hiyo ndiyo iliyoupa moyo likizo. Wanaupoza kwa maji yenye chumvi maalumu, unatulia. Wakimaliza wanairudisha damu yenye joto, nao mara nyingi unaanza wenyewe. Hakuna anayeufundisha pa kuendelea. Kila kipande cha nyama ya moyo kina hamu yake ya kupiga.

Sasa swali lenyewe hasa. Utakuwa wapi? Sijui.

Naweza kukueleza kuwa ubongo wako utapata damu wakati wote, na kwamba dawa itaulaza usingizi usio na ndoto. Lakini mtu mwenyewe, anayecheka na kuuliza, anakwenda wapi wakati ule? Nimesoma vitabu vingi na hakuna kilichoniridhisha. Basi ukiamka niandikie. Utakuwa umefika mahali ambapo babu yako hajafika.

Darubini


30 Julai

Shikamoo Babu.

Nimepona. Nimerudi nyumbani. Mwandiko wangu umebadilika kwa sababu mkono ulichomwa sindano nyingi.

Nina swali. Harufu ya mtu inakaa kwenye nguo kwa muda gani? Na inatoka vipi? Naomba unijibu kwa barua kama zamani, usinijibu gazetini.

Chokochoko


8 Agosti

Mjukuu wangu, mjukuu wangu!

Nimeisoma barua yako mbele ya mke wangu kwa sauti mpaka akaniambia niteremshe sauti, majirani watadhani tumeshinda bahati nasibu. Nikamwambia tumeshinda.

Harufu ni chembe ndogo sana za kitu chenyewe, jasho, mafuta ya ngozi, zinazoruka hewani. Unaponusa kanga ya mama, chembe zake kweli zinaingia puani mwako. Kwa hiyo kila unaponusa unapunguza kidogo. Hewa, jua na maji ndivyo vinavyoiondoa upesi. Ukitaka ikae, ifunge nguo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, weka mahali pa baridi. Hapo itakaa miezi, pengine zaidi. Unataka kufungia nini, sabuni ya muuguzi wa zamu?

Umesahau kunijibu. Ulikuwa wapi moyo uliposimama?

Babu


25 Agosti

Shikamoo Babu.

Sikumbuki nilikuwa wapi. Nilikuwa nimelala.

Swali langu ni la historia. Watu wa kale sana, wale wa mapangoni, waliwazika watoto wao? Au waliwaacha tu? Nataka kujua kama walikuwa na uchungu kama sisi.

Chokochoko


5 Septemba

Mjukuu wangu,

Umeniuliza jambo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo kaa kitako.

Katika pango moja lisilo mbali na bahari, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta shimo dogo lenye mifupa. Ilikuwa laini kiasi kwamba ukiigusa inageuka unga. Wakaizungushia plasta, wakaitoa bonge zima pamoja na udongo wake, wakaipeleka maabara. Walipoikwangua kwa brashi taratibu wakakuta ni mtoto. Alikuwa na miaka mitatu hivi. Alizikwa zaidi ya miaka elfu sabini iliyopita! Hapakuwa na kijiji, wala shamba, wala chungu duniani.

Hakutupwa. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, kama alalavyo mtoto yeyote aliyechoka kucheza. Inaonekana alifungwa ndani ya kitu, majani au ngozi, kilichokwisha kuoza. Na sasa sikiliza hili. Fuvu lake lilikuwa limeinama kwa namna ambayo wataalamu wanasema haiwezekani ila kama kichwa kiliegemezwa juu ya kitu laini, na kitu hicho kikaoza kichwa kikashuka. Yaani aliwekewa mto.

Haya, niambie kama walikuwa na uchungu au hawakuwa nao.

Babu Darubini


1 Oktoba

Babu,

Nani aliweka ule mto?

Chokochoko


13 Oktoba

Mjukuu wangu,

Barua yako ina sentensi moja. Wewe, ambaye ulikuwa unaomba ruhusa ya swali la pili na kuuliza la nne! Nimemwambia mke wangu, mtoto huyu amekua ghafla hospitalini. Hana matani tena. Hamtaji mama, wala paka, wala fundi baiskeli. Wanasema mtu aliyefunguliwa kifua huwa na huzuni kwa muda, na si aibu. Nikutume nini? Unataka kitabu?

Aliyeweka mto hatumjui. Mifupa haituambii. Mama, baba, nyanya, hatuna ushahidi. Kama mwalimu naishia hapo. Kama mimi, nadhani ni mtu aliyejua mtoto yule alipenda kulala vipi.

Na nina habari. Gazeti letu linatimiza miaka ishirini. Mhariri ameniruhusu nichague muulizaji mmoja, tumtembelee na mpiga picha, tumweke ukurasa wa mbele. Unadhani nimemchagua nani? Tutakuja Jumamosi ya tatu ya Novemba, asubuhi. Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho upande wa tangi la maji, sihitaji hata kuuliza njia. Nitapanda polepole na kupumzika kila ghorofa, na nikiulizwa nitasema nimefunga kiatu.

Mwambie mama asipike kitu. Nataka nimwone kwa macho haya, hili bovu na hili lililotengenezwa.

Babu yako


9 Novemba

Mwalimu,

Usije.

Mtoto alifariki mwezi wa nne, siku ileile ya upasuaji. Mashine ilifanya kazi yake, mlango waliutengeneza, daktari alinieleza yote kwa utaratibu, mtu mwenye adabu sana. Moyo walipouwasha haukuwaka. Walijaribu sana. Alipotoka kuniambia alikuwa amevua kofia yake ameishika kwa mikono miwili, nikajua.

Barua zote za baada ya hapo ni zangu.

Nitakueleza ilivyokuwa, na ukitaka kunichukia, chukia. Asubuhi ile kabla hawajamchukua aliniuliza, "Mama, barua ya Babu imekuja?" Haikuwa imekuja. Nikamwambia imekuja, nimeisahau mezani nyumbani. Akauliza, "Inasemaje kuhusu nitakuwa wapi?" Nikasema, "Anasema utakuwa usingizini tu, na mama yako atakuwa mlangoni." Akaniangalia. Akasema, "Hiyo si Babu, mama. Babu angesema hajui." Halafu akanishika kidevu, akacheka, akasema, "Lakini ni jibu zuri." Wakamsukuma na kitanda.

Barua yako ilifika tukiwa tumeshamzika. Nikaifungua. Ukasema hujui.

Sikuweza kukuandikia kwamba hayupo. Kila mtu alikuwa anasema marehemu. Shuleni wamelikata jina lake, hospitali wamefunga faili lake, majirani wakinikuta kwenye ngazi wanateremsha sauti. Wewe peke yako duniani ulikuwa unaandika "mjukuu wangu, ukiamka niandikie." Nikasema ngoja nimpe mwezi mmoja mwingine. Nikachukua madaftari yake nikajifunza anavyokunja herufi. Ulipojibu na kufurahi vile, kushinda bahati nasibu, nilikaa sakafuni nikacheka na wewe. Nakuapia, nilicheka. Kwa muda wa kusoma barua ile alikuwa amepona.

Gauni lake la shule nimelifunga kwenye mfuko kama ulivyoelekeza. Silifungui. Umesema kila nikinusa napunguza.

Na mimi nilikuchukia, Mwalimu, uelewe. Kama usingemfundisha kukunja ile karatasi angekwenda hospitali? Asingekwenda. Nimemuuliza daktari, akasema bila upasuaji asingemaliza mwaka, angeanguka njiani au kwenye ngazi, peke yake. Nimemsikia. Lakini kuna siku nasema, basi ningekaa naye huo mwaka. Kisha nakumbuka yale maji ya limao na chuki yote inanirudia mimi.

Ule mto niliuuliza kwa sababu mimi ndiye niliyemlaza. Wanawake waliniambia niwaachie, nikakataa. Alikuwa analala kifudifudi, mkono mmoja chini ya shavu. Hawakukubali nimlaze vile. Nikamwekea kanga yangu chini ya kichwa, nimeikunja mara nne. Uliposema yule mtoto wa pangoni aliwekewa mto nililia mpaka mwenye nyumba akagonga. Sikulia kwa uchungu peke yake. Nilijua kuna mtu ambaye angenielewa, ila tumepishana miaka elfu sabini.

Sasa nakuuliza swali langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hakuna mwingine wa kumuuliza. Kuna chochote chake kilichobaki? Sitaki maneno ya msibani, nimeshapewa mengi. Kama sayansi inasema hakuna, andika hakuna.

Mama Chokochoko


20 Novemba

Mama Chokochoko, binti yangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nimemzuia mhariri, sikumweleza kwa nini. Mke wangu nimemweleza, akaenda kuketi nje.

Sikuchukii. Nawezaje? Ulimtunzia mtoto mahali pa kuishi, na mahali hapo palikuwa kwangu. Ningepewa hiari ningekaa naye humo hata miaka. Na mimi niliyejidai mchunguzi, niliona mwandiko umebadilika, niliona matani yamekwisha, nikaona kila kitu isipokuwa kilichokuwepo. Nilikuwa sitaki kukiona.

Kuhusu karatasi, sina utetezi, na usinitafutie. Ukitaka kunichukia siku nyingine, nichukie. Nitabeba. Ila maji ya limao, hapana. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na watoto wangapi darasani kwangu waliumwa koo nikawaambia wakasukutue kwa chumvi! Hakuna mama anayemsikiliza mtoto koo akasikia moyo. Hilo usilibebe, si mzigo wako.

Nimelijibu swali lako kama ambavyo ningemjibu yeye, kwa hiyo nimesoma upya kila nilichoweza kupata, na nitakuambia palipo na uhakika na pasipo na uhakika.

Mama anapobeba mimba, mtoto hachukui tu kutoka kwake. Naye anatoa. Chembehai zake chache, yaani vile vipande vidogo ambavyo mwili umejengwa navyo, hupenya kwenye kondo la nyuma, zinaingia kwenye damu ya mama. Zamani ilidhaniwa zinakufa baada ya kuzaa. Baadaye wataalamu walipima damu za akina mama waliozaa miaka mingi nyuma, mmoja wao zaidi ya ishirini, na zilikuwamo. Hai. Zimekutwa kwenye ini, kwenye ngozi, hata kwenye moyo wa mama. Zimekutwa kwa akina mama ambao watoto wao walikuwa watu wazima, na hazijali mtoto yuko wapi, ziko zinaendelea na kazi.

Sasa upande wa pili. Huwa chache sana. Hazionekani kwa kila mama anayepimwa, na wewe hujapimwa. Zinafanya nini humo, wanabishana: wengine wanasema zinasaidia, wengine wanasema zinasumbua, wengine wanasema zimekaa tu. Hazikumbuki kitu. Haziulizi maswali. Siwezi kusema kwamba ni yeye. Ni chembe zake, basi.

Lakini umeniuliza kama kuna chochote chake kilichobaki, na ukaniambia nikiona hakuna niandike hakuna. Siwezi kuliandika neno hilo. Yaelekea kipo, na kiko kwako.

Usiache kuniandikia, hata bila swali.

Ni mimi,
Mwalimu


12 Januari

Mwalimu,

Shikamoo. Naona ndiyo mara ya kwanza nakuamkia mimi mwenyewe.

Barua yako niliisoma kituoni, nikaachia magari yapite.  Leo nina dogo la kukuambia.

Kazini nimehamishwa, sasa nakata mikate kwa ajili ya mahoteli. Jana kisu kiliteleza kikanikata kidole, si sana. Damu ikatoka. Nikasimama naiangalia. Mwenzangu akakimbilia kitambaa cha kupangusia meza aipanguse, nikamzuia, nikamwambia ngoja kwanza. Akashangaa, "Kidonda kidogo hivyo, mama mzima unalia?"

Sikumweleza. Angedhani nimechanganyikiwa, na pengine nimechanganyikiwa. Nilichukua kitambaa safi kutoka kwenye mkoba wangu, nikakizungusha pale kwenye kidole taratibu, nisikaze, kama unavyomfunika mtu aliyelala.

Mama Chokochoko